"Nimekutwa na malaria tatu": tusiwapime wadudu wa malaria kana kwamba ni mmoja

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo moja kuhusu malaria, ugonjwa ambao magazeti yetu huuandika karibu kila wiki, na ambao mimi nimeutazama kupitia lenzi kwa zaidi ya miaka 20 nikiwa mteknolojia wa maabara katika vituo vya afya vya mkoa wa Kagera. Tunauzungumzia na kuupima ugonjwa huu kana kwamba unaletwa na mdudu mmoja wa aina moja, ilhali wadudu hao ni wengi na wanatofautiana hadi ndani ya vinasaba vyao, na tofauti hizo ndizo zinazoamua kipimo kitaona nini, dawa itaua nini na chanjo itamkinga nani.

Wagonjwa wetu wana namna yao ya kusema. Mtu akitoka dirishani kuchukua majibu humwambia mwenzake aliyeketi kwenye benchi, "Nimekutwa na malaria tatu." Maana yake ni hesabu tuliyomwandikia kwenye kikaratasi, yaani wingi wa wadudu na si aina zao, na vijana wa maabara hucheka chinichini wakimsikia. Mimi niliacha kucheka siku nilipojifunza kwamba katika maeneo yenye maambukizi mengi mtu mmoja anaweza kweli kuwa na malaria tatu au nne kwa wakati mmoja: vimelea vya koo mbalimbali, vilivyoingizwa na mbu tofauti au hata na mbu mmoja, vinavyoishi pamoja katika damu ileile huku kila ukoo ukiwa na vinasaba vyake. Mgonjwa huyo amesema kweli kuliko kikaratasi changu, ingawa hakukusudia.

Tuanze na spishi zenyewe. Vimelea vya malaria ni vya jenasi iitwayo Plasmodium, na kinachotawala kwetu, tena kinachoua zaidi, ni Plasmodium falciparum. Anao ndugu: vivax, malariae, ovale, na knowlesi wa misitu ya kusini mashariki mwa Asia, ambaye kwao hasa ni kwa kima na ambaye hatuhusu hapa. Huyo ovale naye si mmoja. Mwaka 2010 watafiti waliolinganisha vinasaba vya vimelea kutoka nchi nyingi za Afrika na Asia walionyesha kwamba ni spishi mbili, curtisi na wallikeri, zinazoishi katika nchi zilezile bila kuzaliana. Kwa hadubini siwezi kuzitofautisha, na sijakutana na mwenzangu awezaye.

Vyuoni tulifundishwa kwamba ndugu hao wa falciparum ni wageni wa nadra, na wengi wetu tukaacha kuwatafuta. Kisha yakaja matokeo ya sampuli zilizochukuliwa mwaka 2017 kwa wanafunzi 3,456 wa shule katika mikoa 8 ya Tanzania. Matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi yalipimwa vinasaba, na asilimia 22 ya watoto wakakutwa na falciparum, asilimia 24 na ovale, asilimia 4 na malariae, na asilimia 0.3 na vivax. Niliposoma takwimu hizo nilirudi nyuma nikazisoma upya, kwa kuwa zilimaanisha kwamba mdudu niliyekuwa nikimwandika kwenye daftari mara moja au mbili kwa mwaka alikuwa ameenea miongoni mwa watoto sawa na yule niliyekuwa nikimwandika kila siku. Ni kweli kwamba asilimia 91 ya watoto wenye ovale walikuwa na vimelea vichache mno, na kwamba hawakuwa wagonjwa waliolazwa wodini bali wanafunzi waliokuwa shuleni. Lakini mbu hachagui wa kumuuma kwa kuangalia nani kalazwa.

Tofauti hii ina uzito wake katika tiba. Ovale na vivax huacha baadhi ya vimelea vimelala ndani ya ini, na dawa ya mseto tunayoitumia husafisha damu tu, haivifikii vilivyolala. Mgonjwa anapona kabisa, anarudi shambani, na baada ya wiki au miezi homa inaamka bila mbu mpya kumuuma. Dawa ya kuvimaliza vilivyoko kwenye ini ipo, primakwini, lakini hutolewa kwa uangalifu, kwa sababu watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD wanaweza kupasukiwa na chembe nyekundu za damu wakiitumia. Malariae hana mtindo wa kulala kwenye ini, ila anaweza kukaa ndani ya damu kwa kiwango cha chini kwa miaka mingi, na kwa watoto amehusishwa na ugonjwa wa figo wa kuvimba mwili.

Niseme nilivyokutana na malariae uso kwa uso. Bibi mmoja alikuja na mjukuu wake wa miaka tisa ambaye alikuwa amepimwa mara mbili mahali pengine kwa kipimo cha haraka, kile tukiitacho MRDT, na mara zote mbili akaambiwa hana malaria. Nilipomwambia kwamba na mimi nimepata jibu hilohilo, bibi hakuinuka kitini. "Mwanangu," aliniambia, "kipimo kinasema hana, mwili wake unasema anayo. Alitetemeka Jumatatu, akatetemeka Alhamisi, na jana Jumapili nimemfunika mablanketi mawili." Nilimjibu tu, "Sawa, bibi, subiri kidogo," lakini hesabu yake ilinisimamisha. Homa ya falciparum, vivax na ovale, ikishatulia katika mpangilio wake, hurudi kila baada ya saa 48. Inayorudi kila baada ya saa 72 ni ya malariae.

Nilitengeneza slaidi mbili, tone nene na utando mwembamba, nikazipaka rangi ya Giemsa, nikakaa kwenye kiti. Katika tone nene niliona kitu kimoja cha kutiliwa shaka baada ya muda mrefu wa kusogeza slaidi huku na huku. Katika utando mwembamba nilitafuta mpaka macho yakaanza kutoa machozi, na hatimaye nikampata: kimelea cha buluu kilichojinyoosha kama mkanda kutoka ukingo mmoja wa chembe nyekundu hadi ukingo wa pili, na chembechembe za rangi ya kahawia iliyokoza zikiwa zimetapakaa juu yake, na chembe nyekundu yenyewe haijatanuka hata kidogo. Nilimwita kijana aliyekuwa mafunzoni aje aone, na akakiri kwamba alikuwa ameliona umbo lile kwenye picha za darasani tu. Mtoto alipewa dawa ya mseto, ambayo kwa bahati nzuri humuua malariae aliyeko kwenye damu, na bibi aliniaga kwa kunikumbusha kwamba yeye alijua tangu Alhamisi.

Kwa nini MRDT haikuona? Vipimo vingi vya aina hii barani Afrika hunasa protini iitwayo HRP2, ambayo hutengenezwa na falciparum na ndugu zake hawanayo. Vipo vyenye mstari wa pili wa kunasa spishi nyingine, lakini mstari huo huhitaji vimelea vingi zaidi ili uonekane, na malariae na ovale kwa kawaida huwa wachache. Kwa hiyo kipimo hakikudanganya, kilijibu swali kililoundiwa, na sisi ndio tulioliandika jibu hilo kana kwamba limejibu maswali yote.

Hata ndani ya falciparum peke yake wapo wanaokikwepa kipimo hicho. Katika Amazon ya Peru watafiti walieleza mwaka 2010 kwamba wamekuta vimelea vya falciparum visivyo na jeni ya HRP2 kabisa: imenyofoka, na kimelea kinaishi vizuri bila hiyo. Eritrea mambo yalifika mahali ambapo mwaka 2016 ililazimika kuachana na vipimo vinavyotegemea protini hiyo. Ukitafakari jinsi inavyotokea utaona kwamba sisi wenyewe tunamsaidia mdudu, kwani mgonjwa mwenye kimelea chenye jeni hupimwa, huonekana na hutibiwa, ilhali mwenye kimelea kisicho na jeni huambiwa hana kitu, hurudi nyumbani nacho, na mbu humnyonya usiku. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: nchi ikikuta kwamba zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wa falciparum hawaonekani kwenye kipimo kwa sababu hiyo, ibadilishe kipimo. Hapa kwetu sampuli zilizokusanywa mwaka 2021 katika vituo 100 vya afya zilionyesha kiwango kilicho chini ya asilimia 1, kwa hiyo asitokee msomaji wa barua hii akaikataa MRDT kesho asubuhi. Kiwango hicho kinajulikana kwa sababu tu kuna watu waliokwenda kukipima, na kinahitaji kupimwa tena na tena.

Nifafanue kidogo uanuwai huu, yaani tofauti hizi nyingi za vinasaba, unatoka wapi. Mpangilio wote wa vinasaba vya falciparum ulichapishwa mwaka 2002: kromosomu 14, herufi zipatazo milioni 23, jeni zaidi ya 5,000. Kati ya hizo ziko takriban 60 za kundi liitwalo var, na kila moja hutengeneza protini tofauti inayojitokeza juu ya chembe nyekundu iliyovamiwa. Kimelea huvaa moja kwa wakati. Kinga ya mwili ikishaizoea sura hiyo, baadhi yao wanakuwa wameshabadili vazi. Ndiyo maana mtoto huugua malaria mara nyingi kabla mwili wake haujajua mengi ya mavazi hayo, na ndiyo maana mtu mzima wa Muleba anaweza kuwa na wadudu na asijisikie mgonjwa.

Ndani ya mwili wa binadamu vimelea hujigawa tu, kila kimoja kikitoa nakala zake. Kuzaliana kwa dume na jike hufanyika ndani ya tumbo la mbu. Mbu jike akimnyonya yule mwenye "malaria tatu", koo hizo hukutana humo, hupandana, na watoto wao hutoka na mchanganyiko mpya wa jeni za pande zote. Yeyote aliyefuga kuku wa kienyeji pamoja na wa kisasa katika banda moja anaelewa kinachotokea baada ya vizazi vichache, isipokuwa kwamba banda la mbu hufanya kazi hiyo kwa muda usiozidi wiki mbili hivi.

Hapo ndipo habari ya dawa inapoingia, na ndilo eneo ambalo magazeti yetu huniudhi kidogo. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka klorokwini na muwasho wake wa mwili mzima. Usugu dhidi yake ulizaliwa Asia, ukaonekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza mwaka 2001. Malawi iliyoiacha mapema zaidi, mwaka 1993, ilishuhudia jambo la ajabu: vimelea sugu vilipungua hadi kutoonekana, na jaribio lililofanyika huko miaka kadhaa baadaye lilionyesha klorokwini ikitibu karibu kila mgonjwa. Usugu ni mzigo kwa kimelea, na pasipo dawa ya kuulazimisha, wasioubeba huwashinda wanaoubeba.

Safari hii mambo yameanzia jirani. Mwaka 2020 watafiti wa Rwanda na wenzao walitangaza badiliko katika jeni iitwayo kelch13, linaloandikwa R561H, ambalo huwafanya vimelea wachelewe kufa wanapokutana na artemisinini, jamii ya dawa iliyo msingi wa dawa yetu ya mseto. Vinasaba vilivyolizunguka badiliko hilo vilionyesha kwamba halikuletwa kutoka Asia, lilizuka hapahapa. Kaskazini mwa Uganda yamekutwa mabadiliko mengine katika jeni hiyohiyo, C469Y na A675V, kwa hiyo usitafute mchawi mmoja. Na katika sampuli za mwaka 2021 kutoka mikoa 13 ya Tanzania, R561H ilionekana kwetu Kagera kwa takriban asilimia 8, na katika wilaya ya Karagwe, inayopakana na Rwanda, ilizidi asilimia 20. Mpaka una kituo cha ukaguzi kwa malori na abiria, mbu haulizwi pasipoti.

Habari hizo zilipofika mitaani ziligeuka kuwa "dawa ya mseto haifanyi kazi tena". Si hivyo. Dawa ya mseto inaitwa hivyo kwa sababu ni mbili ndani ya kidonge kimoja: artemeta, ya jamii hiyo ya artemisinini, inayopunguza wadudu kwa kasi, na lumefantrini, inayobaki mwilini siku nyingi kumalizia waliosalia. Kilichodhoofika ni kasi ya ile ya kwanza, na majaribio yaliyofanywa Karagwe yenyewe yanaonyesha kwamba wagonjwa walio wengi sana bado wanapona. Hofu ya kweli ni kwamba mzigo wote sasa unamwangukia lumefantrini.

Tena, mgonjwa akirudi baada ya wiki tatu akiwa na wadudu, hakuna mtu, si mimi, si daktari, si mwandishi wa habari, anayeweza kusema kwa kumtazama tu kwamba dawa imeshindwa. Huenda wale wa mwanzo walijificha wakarudi. Huenda ameumwa na mbu mwingine. Kwenye majaribio ya dawa swali hili hujibiwa kwa kuhifadhi tone la damu la siku ya kwanza na tone la siku aliporudi, kisha kulinganisha jeni zinazotofautiana sana kati ya ukoo na ukoo, kama msp1 na msp2. Zikifanana, dawa imeshindwa. Zikitofautiana, ni ugeni mpya. Uanuwai huu ambao katika chanjo ni kero, hapa ndio ushahidi pekee tulio nao. Gazeti likipata habari kwamba dawa imeshindwa mahali fulani, swali la kwanza liwe: je, matone mawili yalilinganishwa?

Nimetaja chanjo, na sitaki kuiacha juujuu. Chanjo ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021 na ambayo ilijaribiwa pia Korogwe na Bagamoyo, ilitengenezwa kwa kufuata protini ya ukoo mmoja wa falciparum. Ukoo huo, kwa kejeli ya historia, ulipatikana kwa mgonjwa aliyekuwa akiishi karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipekua vinasaba vya vimelea vilivyowapata watoto waliochanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, ukakuta kwamba katika mwaka wa kwanza kinga ilikuwa takriban asilimia 50 dhidi ya vimelea vilivyofanana na vya kwenye chanjo, na takriban asilimia 33 dhidi ya vile visivyofanana. Vilivyofanana havikufika hata kimoja katika kumi. Kinga ya asilimia 33 si kitu kidogo kwa yeyote aliyekaa wodi ya watoto wakati wa mvua za masika, na mjukuu wangu ningempeleka kuchanjwa bila kusita. Ila mzazi ambaye mtoto wake ameugua baada ya chanjo anastahili kuelezwa hivyo, badala ya kuachwa aamini kwamba alichomwa maji.

Sasa ombi langu. Sisemi MRDT itupwe. Nimefanya kazi miaka ambayo kila homa iliitwa malaria na kila mtu aliondoka na vidonge, na sitamani turudi huko. Zahanati isiyo na umeme iendelee nayo. Lakini kituo cha afya chenye maabara kibaki na hadubini inayofanya kazi na angalau mtu mmoja ambaye bado anajua kutofautisha mkanda wa malariae na ile chembe iliyotanuka yenye kingo zilizochanika ya ovale, kwa sababu ustadi huu hufa haraka usipotumiwa, na vijana wanaohitimu sasa wanaweza kumaliza mwaka bila kupaka slaidi hata moja ya malaria. Safu ya spishi katika daftari la majibu ijazwe, isichorwe mstari kuanzia juu hadi chini kama nilivyoona kwingi. Na mgonjwa ambaye homa yake inaendelea baada ya jibu la "hana", au inayorudi ndani ya siku 28 baada ya dawa, achukuliwe slaidi pamoja na matone machache ya damu kwenye karatasi ya kuchujia. Karatasi hiyo ikikaushwa vizuri na kufungwa na kifuko cha kufyonza unyevu haihitaji jokofu, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu imeshaonyesha kwamba sampuli za namna hiyo kutoka mikoani zinaweza kusomwa vinasaba vyake.

Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, ambacho sitakitaja, hadubini ilifungiwa kabatini mwaka ule ule maboksi ya MRDT yalipoanza kuja ya kutosha. Hakuna aliyetoa amri. Ilihamishwa tu kupisha meza, kisha funguo za kabati zikawa hazijulikani ziko kwa nani. Ndiyo hadubini niliyomwonea malariae wa yule mjukuu. Mwezi uliopita nilimpigia simu mwenzangu aliyebaki pale, akaniambia bado ipo, lenzi zake hazina ukungu, na kilichoharibika ni balbu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteknolojia wa Maabara,
Kagera.